Upande wa Balaa

Arobaini ya Bi Sikudhani tuliisoma nyumbani kwake, Lindi mjini. Nikiulizwa ilikuwaje nitasema kisomo kilikuwa kizuri, pilau ilitosha na watu walijaa mpaka uani. Lakini ninachokikumbuka hasa ni mahali alipoketi Anastazia. Alifika asubuhi kutoka Dar es Salaam, amejitanda kanga nyeusi juu ya gauni lake, na kabla sijatoka jikoni kumpokea, wanawake walikwisha kumkalisha kwenye mkeka wa wafiwa, katikati, mahali ambapo angekaa binti wa marehemu kama marehemu angejaaliwa binti. Kila aliyeingia alimwinamia yeye kwanza. "Pole mwanetu, umeondokewa na mama." Kisha wakageuka wakanipa mimi pole ya pili, ya haraka, kama mtu aliyekumbuka viatu mlangoni. Mimi niliyemwogesha Bi Sikudhani miaka yake ya mwisho, niliyejua akikohoa kama anataka maji au anataka mtu tu wa kukaa naye. Nina wajukuu. Nimestaafu ualimu. Magoti yananiuma nikiinuka kwenye mswala. Nilidhani nimeshavuka umri wa mambo haya, kumbe wivu haustaafu. Ulinipanda kifuani palepale, nimeshika sinia la tende, nikawa najisemea moyoni: tazama, amefika leo asubuhi na bado mama ni wake.

Wivu ule ulizaliwa ndani ya nyumba ileile, mwaka ambao kinu cha nyuklia kililipuka huko Ukraine, nchi ambayo sisi wakati huo tuliiita Urusi tu. Nilikuwa kidato cha nne. Nilitoka Kiswere, na kwa kuwa shule yetu haikuwa na bweni la wasichana, nilikaa kwa Bi Sikudhani, mjane wa makamo aliyeuza vitumbua barazani kwake. Mwaka mzima uliotangulia nilikuwa mpangaji wake peke yangu. Chumba changu kilikuwa na kitanda cha kamba, dirisha la mbao lililofungwa kwa msumari uliopindwa, na ukuta wa chokaa ulioacha unga mweupe mgongoni ukiuegemea. Harufu ya hiliki ilipita chini ya mlango kila alfajiri na ndiyo iliyoniamsha. Jioni tulikula sahani moja, mimi naye, na ukoko wa wali ulikuwa wangu. Aliukwangua kwa upawa, akaukunja kama sambusa, akanikabidhi. Januari akaja Anastazia kutoka Rondo, na sanduku la bati na kikapu cha korosho alichopewa na mama yake. Msichana mrefu, Mmwera, Mkristo, mwenye sauti ya chini iliyokulazimu umsogelee. Kikaongezwa kitanda cha pili. Wiki ya kwanza ukoko ukagawanywa. Wiki ya pili Bi Sikudhani akampa wote, akasema, "Mwache ale, ni mgeni." Nikakubali. Lakini hakuna aliyenieleza ugeni ule ungekwisha lini.

Si kwamba Anastazia alikuwa mtu mbaya. Angekuwa mbaya ningepumzika. Alifua zamu yake na yangu nikiwa na homa. Alinisaidia hesabu bila kunifanya nijione mjinga. Na Ramadhani ilipoandama mwaka ule, karibu na mwezi wa tano, alikataa kula mchana. "Siwezi kutafuna mbele yenu," alisema, akashinda na njaa kama sisi, akasubiri adhana, akafuturu nasi kwa muhogo wa nazi. Majirani wakamsikia, wakamsifu uchochoro mzima. Bi Mwanahawa, jirani yetu wa ukuta kwa ukuta, alisema hajapata kuona Mkristo mwenye haya namna ile. Nikawa nauma mdomo. Mimi nilifunga kwa faradhi, kwa hiyo sikusifiwa; yeye alifunga kwa hiari, akawa malaika. Usiku nilimwomba Mungu aniondolee chuki, na nilipomaliza dua nikasikiliza kama Anastazia amelala kabla yangu, maana hata kulala nilitaka nimshinde.

Habari za kinu zilitufikia kwa redio ya mume wa Bi Mwanahawa, iliyowekwa juu ya kabati na kufunguliwa kwa sauti ya kutosha nyumba tatu. Baada ya futari watu walikusanyika barazani kwetu kula vitumbua, na mazungumzo yote yakawa hayohayo. Moto umetoroka kule kwa Warusi. Moto usioonekana. Unapanda hewani, unasafiri na mawingu, ng'ombe wa Ulaya wanakula majani yenye sumu. Kisha ikaja habari ya maziwa. Mtu mmoja alisema ameambiwa na ndugu yake wa bandarini kwamba maziwa ya unga ya huko sasa yataletwa Afrika kwa sababu wenyewe hawayataki. Kesho yake Bi Mwanahawa alikuja na kopo lake la maziwa amelishika kwa ncha za vidole, kama amebeba panya. "Dada Siku, hili nililinunua kabla ya Ramadhani. Na lenyewe limo?" Bi Sikudhani akaligeuza kopo, akalitazama chini. "Mimi nitajuaje? Waulize wasomi wangu." Akatutazama wote wawili. Nikafungua mdomo, lakini Anastazia akawahi: "Kama ulilinunua kabla ya mlipuko, mama, halina neno." Jibu jepesi, la mtu yeyote mwenye akili. Ningelisema mimi kama ningepata nafasi ya kuvuta pumzi.

Mwalimu Nnunduma, kijana aliyetufundisha fizikia na kupenda kuzungumza akiwa ameketi juu ya meza, aliona mji unavyochemka akaamua kuutumia moto huo. Alitangaza mdahalo, ufanywe baada ya Idi kabla hatujafunga shule, kwa Kiswahili ili wazazi waje. Hoja: nguvu za nyuklia ni neema kwa binadamu. Wasemaji wakuu tuwe mimi na Anastazia. Pande tulichagua kwa kura. Mwalimu alikunja vikaratasi viwili, akavitia ndani ya kofia yake, akatunyooshea. Nilimpisha Anastazia aanze, kwa adabu niliyofundishwa, ya kumpisha mgeni. Akatoa "neema". Mimi nikabaki na "balaa". Nimelifikiria tendo lile la kumpisha mara nyingi kuliko ninavyofikiria harusi yangu.

Basi tukajiandaa. Anastazia alijiandaa kimya, amejifungia chumbani na kitabu cha fizikia, mara kwa mara akienda kumuuliza Mwalimu jambo. Mimi nilihitaji masikio. Nilijiandaa uani, nimekaa juu ya mbuzi nakuna nazi, na Bi Sikudhani mbele yangu anakoroga uji wa mchele wa vitumbua. Nilimpa habari za ile miji miwili ya Japani, watu waliogeuka vivuli ukutani, watoto waliozaliwa baadaye wakiwa na ugonjwa wa vita wasivyovijua. Alinisikiliza kuliko alivyopata kunisikiliza. Alikuwa akiacha upawa ndani ya chungu.

"Na huo moto wenyewe hauonekani?"

"Hauonekani, mama."

"Wala harufu?"

"Wala harufu. Unapita kwenye ngozi kama mwanga unavyopita kwenye chandarua."

"Ukishapita?"

"Unakaa ndani."

Aliinamia jiko akapuliza kuni ambazo hazikuhitaji kupulizwa. Nilidhani nimemrudisha. Nilidhani ni yale mazungumzo yetu ya mwaka uliopita, mimi naye. Wakati huohuo niliona mambo mengine nisiyoyaunganisha: kanga zilizoanikwa nyuma ya choo, mahali ambapo hatukuwa tukianika nguo, Bi Sikudhani kushika kiuno anapoinuka, Anastazia kubeba ndoo nyuma ya nyumba alfajiri wakati mimi nakula daku. Niliyaona yote nikayapita, kwa sababu macho yangu yalikuwa na kazi moja tu mwaka ule, kuangalia nani amependwa zaidi.

Siku ya mdahalo ukumbi ulijaa. Wazee walikaa viti vya mbele, kina mama upande wa madirisha, na Bi Sikudhani katikati yao amevaa kanga yake ya Idi. Anastazia alianza, kwa ile sauti yake ya chini. Alisema moto wa kuni umeteketeza nyumba nyingi kuliko tunavyoweza kuhesabu, lakini hakuna aliyeacha kupika. Alisema bomu lilitengenezwa na watu wenye nia mbaya, na kwamba nguvu hiyohiyo yaweza kuwasha taa za mji kama wetu, uliokuwa ukikaa gizani jenereta ikiharibika, na yaweza kutibu wagonjwa. Watu walimpigia makofi ya heshima. Kisha nikasimama mimi. Sijui sauti ile niliitoa wapi. Nadhani niliitoa kwenye ukoko, na kwenye sifa za Ramadhani, na kwenye kila "mwache, ni mgeni". Nilisema: "Mwenzangu anasema moto ni moto. Haya. Moto wa jikoni ukikushinda unaumwagia maji. Huu tutaumwagia nini?" Ukumbi ukalipuka. Nikaendelea. Nikasema mwenye bomu huanza kwa kujenga kinu, nikasema mataifa makubwa yanatishana juu ya vichwa vyetu na upepo hauulizi nani alikuwa ugomvini, nikasema, "Moto huu ukikugusa hauunguzi ngozi peke yake. Unaingia ndani, unakaa, na hakuna mganga wala daktari wa kuutoa." Nilikuwa nikiwatazama kina mama niliposema hayo. Nilimwona Bi Sikudhani akiinuka, akishika bega la jirani yake, akitoka. Nilidhani anakwenda kuwahi vitumbua vya jioni.

Nilishinda. Kura za mikono hazikuwa na ubishi. Nikapewa zawadi ya kamusi mpya, Mwalimu akanishika mkono mbele ya wazee, na Anastazia alinikumbatia kabla hajaondoka haraka. Nilibaki nikipokea pongezi mpaka ukumbi ukabaki na viti. Kisha nikarudi nyumbani kwa uchochoro wa nyuma, nimeificha kamusi chini ya mtandio, ili niwatokee ghafla uani. Nikafika kwenye ua wa makuti. Nikasikia sauti ya Bi Sikudhani, nikasimama.

"Siendi, Anastazia. Umemsikia mwenzio."

"Mama, Hadija alipangiwa upande. Hata mimi nilipangiwa."

"Kapangiwa, lakini kasema kweli. Inaingia ndani, inakaa. Mimi ndani nina kitu tayari. Nikatiwe cha pili?"

"Hicho cha ndani ndicho inachokifuata. Nilimuuliza Mwalimu. Dawa wanayotumia hospitali ya Dar inaitwa kobalti, inatengenezwa kwenye vinu hivyohivyo. Wanapima, wanalenga. Haimwagwi kama bomu."

"Umeiona?"

"Sijaiona."

"Sasa unajuaje?"

Nilisikia kuku akiparura majivu. Kisha Anastazia akasema, "Sijui, mama. Lakini nitakaa mlangoni mpaka utoke."

Ndivyo nilivyopata kujua kwamba Bi Sikudhani alikuwa na uvimbe kwenye kizazi, kwamba alikuwa akitoka damu tangu kabla ya Ramadhani, kwamba daktari wa mkoa alimwambia tiba iliyobaki ni ya mionzi na iko Dar es Salaam peke yake. Mtu angetegemea niseme nililia kwa ajili ya ugonjwa wake. Nililia, lakini baadaye. Kitu cha kwanza kilichonichoma pale nyuma ya makuti ni kwamba Anastazia alikuwa anajua. Aliambiwa yeye. Zile kanga alifua yeye. Kamusi ilikuwa nzito mkononi, nikaingia ndani kwa mlango wa mbele kama mtu aliyetoka mbali. Bi Sikudhani aliniona akasema hongera, akanipa chai. Chungu kilichokuwa jikoni kilikuwa cha kisamvu cha karanga, kama wanavyokipika Rondo, na nilijua bila kuambiwa kwamba kilipikwa kumpoza aliyeshindwa.

Kesho yake nilikwenda nyumbani kwa Mwalimu Nnunduma, nikamwomba anifundishe upande wa pili. Alicheka, akidhani ni kiu ya elimu. Akanichorea mashine ile kwa kijiti mchangani: hapa chanzo cha mionzi kimefungiwa ndani ya kasha la madini ya risasi, hapa kidirisha, hapa mgonjwa amelala. Nikakariri kila kitu. Nilirudi mbio, nikamkuta Bi Sikudhani peke yake anapepeta mchele barazani.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Mbona unahema?"

"Nimejua unaumwa. Na hiyo dawa naijua sasa. Naijua kuliko Anastazia. Nipeleke mimi Dar, mama, nitakueleza kila kitu kinavyokwenda."

Aliweka ungo chini. Hakuuliza nimejuaje. "Jana ulisema inaunguza."

"Nilipangiwa kusema hivyo."

"Najua ulipangiwa." Akanivuta nikakaa karibu naye, mpaka magoti yetu yakagusana. "Lakini ulivyosema nilikuamini. Maneno ya Anastazia nayapima, nayageuza, nasema labda. Yako yananiingia. Nimekubali kwenda, lakini nikiwa nimelala kwenye hiyo mashine, nikakutazama usoni, nitamwona yule wa ukumbini. Nitaruka nikimbie." Alicheka kidogo, macho yakiwa na maji. "Nyumba inataka mtu. Baki hapa, nilindie."

Nimeishi na jibu hilo muda mrefu kuliko nilivyoishi na mtu yeyote. Kuna siku nimelivaa kama kidani: aliniamini mimi. Kuna siku limenikaba: kwa sababu aliniamini, alimchukua mwingine. Siku hizi maneno ya wakati ule yamerudi. Kusini kwetu kuna madini ya urani, na kwenye simu watu wanatupiana maneno, wengine wanataka yachimbwe na kinu kijengwe, wamechoka kukatiwa umeme. Wengine wanasema yaachwe ardhini yalale. Mjukuu wangu, anayesoma hapohapo nilipofundisha, aliniuliza juzi, "Bibi, wewe ungesimama upande gani?" Nikamwambia katika maisha yangu nimesimama upande mmoja tu, na sikuuchagua. Akaona nazeeka. Lakini najua watu wanaobishana hivi sasa, kila mmoja na upande wake, hawajui nani yuko nyuma yao anapepeta mchele na kusikiliza.

Bi Sikudhani na Anastazia waliondoka shule ilipofungwa. Barabara ya kwenda Dar wakati ule ilikuwa adhabu. Basi lilikwama kwenye tope kabla ya Nangurukuru, na Rufiji walisubiri kivuko hadi kesho yake. Hayo niliyajua baadaye. Mimi nilibaki na nyumba. Nilikuwa nikiamka kwa harufu ya hiliki kwa sababu niliitwanga mwenyewe, nikachoma vitumbua ambavyo vilikuwa vinene kuliko vyake, na wateja walivila kwa huruma. "Mama hajambo?" waliuliza. "Hajambo," nilijibu, ingawa sikujua. Mchana nililala kwenye kitanda chake. Niliijua kwa mara ya kwanza dari aliyoitazama, doa la mvua lenye umbo la sikio. Kwa mawazo nilimwona Bi Sikudhani amelala chini ya chuma, peke yake, mlango mzito umefungwa, na huko nje yuko Anastazia juu ya benchi. Katika picha hiyo benchi ndilo lililoniuma. Siku moja utingo wa basi alisimama barazani, akanunua vitumbua, akasema, "Mama yenu anaendelea. Amesema usisahau kuwalisha kuku. Binti yake ndiye kanituma." Nikamuuliza binti gani. "Yule mrefu," akasema, mdomo umejaa.

Walirudi shule ikiwa imeshafunguliwa kitambo. Bi Sikudhani alishuka kwenye basi amekonda, kichwa kimekuwa kikubwa juu ya shingo, lakini anatembea. Damu ilikuwa imekatika. Daktari alimwambia arudi baada ya miezi kadhaa atazamwe, ila kwamba uvimbe umenywea. Nilimkumbatia nikahisi mifupa. Uchochoro wote ulikuja, vigelegele, Bi Mwanahawa akaleta kuku. Usiku wake tulikula watatu, na hapo ndipo nilipogundua kwamba walikuwa wamerudi na nchi yao. Walikuwa na maneno nisiyoyajua. Anastazia alisema, "Bata," na Bi Sikudhani akapaliwa na mchuzi kwa kicheko. Nikauliza bata gani. "Mashine," akasema akijifuta macho. "Ikianza kazi inaguna kama bata anayetaga." Kisha kulikuwa na muuguzi waliyempa jina, na mgonjwa wa Tanga aliyeimba kaswida kitandani, na muuza mikate aliyetaka kumwoa Bi Sikudhani palepale kwenye foleni. Kila jina lilikuwa chumba nisichoingia. Nilicheka walipocheka. Nilikuwa na wivu hata wa mateso yao; ningetoa chochote nami niwe nimekaa kwenye tope lile la Nangurukuru na njaa.

Siku ya pili au ya tatu, alasiri, nilikuwa nimeketi kizingitini nachambua dagaa. Anastazia alikuwa akimpikia uji. Mlango wa chumba ukafunguka kidogo, nikasikia Bi Sikudhani akiita. Anastazia akainuka.

"Si wewe," alisema Bi Sikudhani. "Hadija."

Niliingia. Aliniambia nifunge mlango. Alikuwa amejifunga kanga moja, mkononi ana kikombe cha mafuta ya nazi, yale tuliyokamua wenyewe. Hospitali walimwambia ngozi ikianza kupona ajipake. "Anastazia amenitazama mgonjwa mpaka amechoka," alisema. "Wewe hujaniona. Nipake wewe." Akalala, akaishusha kanga. Chini ya kitovu, kuzunguka mpaka kiunoni, ngozi yake ilikuwa nyeusi kama sufuria iliyosahaulika jikoni, mahali pengine imebabuka na chini yake waridi. Mipaka ya eneo hilo ilikuwa imenyooka, kama imepigwa rula. Nilichovya vidole, nikagusa kwa upole niliokuwa nao wote. Kulikuwa na joto. Nilikuwa nikiutazama mwili wa mtu aliyepona, na mwili wa mtu aliyeungua, na ulikuwa mwili mmoja.

"Unaona?" alisema, anatazama dari. "Ulisema kweli pale ukumbini. Inaunguza."

"Nisamehe, mama."

"Nikusamehe kitu gani? Wenzako wote walinambia haitauma. Daktari, muuguzi, Anastazia. Ilipoanza kuuma nikasema, aa, hii ndiyo ile ya Hadija. Naijua. Nilikuwa nimeshaambiwa. Ningekuwa sijaambiwa ningedhani nakufa." Tumbo lake likatikisika chini ya vidole vyangu, nikatambua anacheka. "Yule aliniingiza mlangoni. Wewe nilikuwa nawe mle ndani. Lakini usimwambie, atasikitika."

Nami nikacheka, nikalia, nikaendelea kupaka.

Anastazia alifaulu mitihani, akaenda kusoma zaidi, na maisha yake yote ameyatumia Dar es Salaam akiendesha mashine za namna ile. Amezeeka nazo. Mimi nilirudi Lindi kufundisha Kiswahili, nikasimamia midahalo mingi, na kila mara nilikataza kura ya vikaratasi. Niliwaacha wanafunzi wachague upande wenyewe. Bi Sikudhani aliishi mpaka akawa mzee wa kushikwa mkono. Kwa watu alimtaja Anastazia kama "mwanangu aliyenipeleka Dar", hadithi nzuri, inayosimulika barazani, na ndiyo maana mkeka wa wafiwa ulimpokea. Yangu haikuwa ya baraza.

Siku ile ya arobaini, wageni walipoondoka, tulibaki sisi wawili uani tukisugua masufuria ya pilau kwa mchanga. Alikuwa amekunja mikono ya gauni. Kisha akasema, bila kuinua uso:

"Hadija, nikuulize jambo. Mwaka ule, tuliporudi. Alikuita ukafunga mlango. Nilisimama nje na bakuli la uji, nikawasikia mnacheka. Mlikuwa mnacheka nini?"

Nilimtazama. Mwanamke mzima, ana miwani, ana wagonjwa wanaombariki nchi nzima, na swali lile alikuwa amelibeba tangu usichana. Nilijua uso ule. Nilikuwa nao mimi mwenyewe asubuhi ileile, nimeshika sinia.

"Mambo yetu," nikasema.

"Hata leo? Mwenyewe hayupo."

"Hata leo."

Akaacha kusugua. Nilidhani atakasirika, lakini alianza kutabasamu, polepole. "Wewe mwanamke. Bado una wivu na mimi?"

"Bado," nikamjibu. "Na wewe?"

Akavuta sufuria kubwa kuliko zote, akainamisha kichwa chote ndani yake, akaanza kusugua kwa nguvu sana.